Mwanangu wa miaka 12 amealikwa kuwinda kulungu Texas. Nimruhusu?

Swali: Naishi Fort Worth, kwetu ni Tanga. Mwanangu ana miaka 12. Baba wa rafiki yake wa shuleni anataka kumchukua mwishoni mwa Oktoba, kwenye msimu wa vijana wa kuwinda kulungu. Mume wangu anasema huo ni ujangili uliovalishwa suti, na mimi bunduki naiogopa. Mtoto naye ameshasoma kila kitu kuhusu kulungu, haambiliki. Kuna faida ya maana, au ni michezo ya Wazungu tu? Nianzie wapi? Na nyama yenyewe, sisi Waislamu tutaila?

Jibu: Dada, mruhusu. Ila kama hajawahi kushika bunduki na Oktoba imeshabisha hodi, hiyo Oktoba iacheni ipite. Texas ina siku nyingine za vijana mwezi Januari, na kati ya sasa na hapo kuna kazi ya kufanya. Mtoto anayepelekwa porini bila mazoezi huishia kumjeruhi mnyama asiyepatikana tena, na wengi wao hawarudi kuwinda maisha yao yote.

Mumeo asilaumiwe. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977 na marufuku hiyo ipo mpaka leo. Tanzania uwindaji upo kisheria, lakini bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Mtu aliyekulia huko akisikia "kuwinda" anaona askari wa wanyamapori na pingu. Texas hali ni nyingine. Kulungu wa mkia mweupe wako kwa mamilioni, mbwamwitu waliokuwa wakiwapunguza walishamalizwa zamani, na wakizidi malisho wanakonda, wanamaliza miche ya miti na kugongwa na magari. Idadi inayoruhusiwa kuvunwa hupangwa kaunti kwa kaunti. Fedha za kuhifadhi pori nazo zinatoka kwa wawindaji wenyewe: leseni, pamoja na ushuru wa asilimia 11 unaotozwa kwenye bunduki ndefu na risasi, ambao sheria ya Pittman-Robertson ya 1937 iliuelekeza kwenye uhifadhi. Ushuru huohuo hulipia mafunzo ya wawindaji ambayo mwanao atayapitia.

Hapo ndipo penye siri ya misimu ya vijana, na ni vizuri uijue. Mwaka 2011 Marekani ilikuwa na wawindaji milioni 13.7, kufikia 2016 walikuwa milioni 11.5. Wazee wanaacha, vijana hawaingii, na mfuko unapungua. Majimbo yakifungua siku za vijana peke yao yanatafuta wateja wa kesho. Si dhambi, lakini faida ya jimbo si faida ya mwanao. Ya mwanao inategemea mtu mmoja tu: mtu mzima atakayekaa naye.

Wengi watakwambia uwindaji unafundisha uvumilivu. Kukaa kwa muda wa saa nne kibandani, yaani kwenye kibanda cha kujificha na kusubiri mnyama, hakumfundishi mtoto uvumilivu, kunamfundisha kuchoka. Kinachomfundisha ni kuwa na kitu cha hatari mkononi, mnyama yuko mbele yake, moyo unadunda, halafu aamue kutopiga kwa sababu nyuma ya mnyama kuna barabara, au mnyama ameelekea vibaya. Na mtu mzima aliye kando yake aseme "sawa", bila kununa. Maeneo ambayo kijana wa miaka 12 anaachiwa uamuzi mzito namna hiyo na uamuzi wake ukaheshimiwa ni machache sana katika maisha ya mjini. Pamoja na hilo atajifunza kusoma upepo, nyayo na miti inayodondosha matunda, na atajua nyama inatoka wapi, jambo ambalo watoto wetu waliozaliwa ughaibuni wanalijua kwa jina tu.

Sasa sheria, maana ndiyo mlango. Texas, yeyote aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1971 au baada yake anatakiwa kuwa na cheti cha elimu ya uwindaji. Umri wa chini wa kupewa cheti ni miaka 9, kwa hiyo mwanao anafaa. Kijana asiye na cheti anaweza kuwinda akisindikizwa na mtu mwenye leseni, wa miaka 17 au zaidi, ambaye ana cheti au amesamehewa kisheria, na aliye karibu kiasi cha kumsikia akisema kwa sauti ya kawaida. Njia hiyo isikushawishi. Mfanye apate cheti kwanza. Kozi ya mtandaoni peke yake ni ya waliofikisha miaka 17. Wa umri wake lazima waonane na mwalimu uso kwa uso. Kaa naye darasani. Utatoka na uoga uliopungua nusu, kwa sababu utakuwa unajua cha kuogopa na kisicho cha kuogopa. Leseni ya kijana mkazi wa Texas ni dola 7, na mwaka wake huanza Septemba mosi.

Siku za vijana zimetengewa walio chini ya miaka 17. Mtu mzima anakaa tu. Hiyo ni nafuu kubwa, kwa sababu hakuna baba mwenye uchu wa pembe anayesukumana na mtoto.

Jambo moja la makaratasi ambalo wenyeji hawatakwambia, kwa sababu haliwahusu. Sheria ya shirikisho inamkataza aliye nchini bila kibali kushika bunduki, hata ya kuazima, hata kwa dakika moja. Mwenye viza ya muda, kama ya masomo au kazi, naye amekatazwa, isipokuwa awe na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Wenye uraia na wenye green card hawaguswi na kizuizi hiki. Kama hali ya mtoto au ya atakayemshikia bunduki ina utata wowote, ongeeni na mwanasheria wa uhamiaji kabla ya yote.

Kuhusu huyo baba wa rafiki. Usimuulize kama ni mwindaji hodari. Muulize atabeba bunduki ngapi. Jibu unalolitaka ni moja, ya mtoto, naye mikono mitupu. Mtu mzima mwenye bunduki yake anageuka mwindaji mwenza, na macho yake yanahama kutoka kwa mtoto kwenda porini. Muulize risasi zitakaa mfukoni kwa nani. Zikae kwake. Muulize nyumbani kwake bunduki zinafungiwa wapi, maana mwanao atalala huko. Kisha muulize umbali ambao mtoto ataruhusiwa kupiga. Akisema "tutaona siku hiyo", bado hajafikiria. Mwisho, mwambie kwamba wewe au mumeo mtakwenda pia. Mlezi mzuri atafurahi. Anayekunja uso, mshukuru kwa mwaliko na mwachie hapo.

Ikiwa huyo hafai, kuna Texas Youth Hunting Program, iliyoanzishwa 1996 na chama cha wenye ardhi na wahifadhi, Texas Wildlife Association, pamoja na idara ya wanyamapori ya jimbo. Wanapokea vijana wa miaka 9 hadi 17 wenye cheti na leseni, kila mmoja na mzazi au mlezi wake, na kuwapeleka wikiendi nzima kwenye ranchi za watu binafsi chini ya wasimamizi wa kujitolea waliofundishwa. Kwa familia isiyo na shamba wala jamaa mwenye shamba hii ni njia ya maana sana, kwa sababu karibu ardhi yote ya Texas ni ya watu binafsi. Nafasi ni chache, jisajilini mapema.

Bunduki yenyewe ndiyo inayoharibu mambo mara nyingi, na kosa ni lilelile: mtoto kupewa ya babu. Kitako ni kirefu, mtutu mzito, teke lake ni la mtu mzima. Kipimo cha haraka ni hiki. Bunduki ikiwa tupu na imekaguliwa, mtoto akunje mkono, kitako kiguse sehemu ya ndani ya kiwiko, kidole kielekee kwenye kifyatulio. Pingili ya kwanza ya kidole ikikaa vizuri kwenye kifyatulio, urefu unamfaa. Asipofika, kitako ni kirefu, naye atalazimika kupinda mgongo na kusogeza uso, jicho likose mahali pake kwenye darubini. Wa umri wake wengi huhitaji inchi 12 hadi 13 kutoka kifyatulio hadi mwisho wa kitako. Kwa kulungu, bunduki ya .243 Winchester au 7mm-08 (namba hizi hutaja aina na ukubwa wa risasi) yenye risasi nyepesi inatosha kabisa; teke la .30-06, ambayo ni kubwa zaidi, ni takribani maradufu ya lile la .243. Bunduki ndogo ya .22 ni ya mazoezi; sheria ya Texas hairuhusu kumpiga kulungu kwa risasi za aina hiyo.

Aanze na hiyo .22, wiki kadhaa, risasi 20 au 30 kwa kikao, basi. Akichoka anajifunza makosa. Masikioni avae vizibo vya ndani na vifuniko vya nje kwa pamoja: mlio wa bunduki ya kulungu hukaribia desibeli 160, na sikio huanza kuumia papo hapo kwenye 140. Watoto wengi wanaosemwa wanaogopa teke, kumbe wanaogopa kishindo.

Ugonjwa wa kuangalia ni kushtuka kabla ya mlio. Hauonekani wakati bunduki inalia, kwa sababu teke linauficha. Dawa yake: mlezi ndiye ajaze risasi, mtoto asione, na katikati achomeke risasi ya bandia isiyo na baruti. Mtoto akibana kifyatulio, na badala ya mlio kikasikika "tik", angalieni mdomo wa bunduki. Ukibaki umetulia, yuko sawa. Ukizama chini kama uliovutwa kwa kamba, au macho yakafumba, rudini kwenye .22 na msione aibu. Kumlazimisha aendelee na bunduki kubwa ndiko kunakoufanya ugonjwa huo uwe wa kudumu. Na uso usikaribie darubini. Inchi tatu na nusu hivi ndiyo nafasi yake. Akikaribia zaidi, teke linairudisha inampasua juu ya nyusi.

Kipimo cha kuhitimu kiwe sahani ya karatasi ya inchi 6. Eneo la moyo na mapafu ya kulungu ni inchi 8 hivi, kwa hiyo sahani ndogo inaacha akiba ya hofu ya siku yenyewe. Umbali ambao anaweza kuitoboa mara tano kwa tano, akiwa amekaa kwenye kiti na kuegemeza bunduki kwenye vijiti vya miguu mitatu, ndio umbali wake porini. Ikiwa ni yadi 70, basi ni 70, hata mnyama mwenye pembe kama tawi la mwembe asimame kwenye 90. Msimpime akiwa mezani uwanjani, maana kibandani hakuna meza. Wengi hufaulu uwanjani na kukosa porini kwa sababu hiyo.

Kabla ya kulungu, napendelea kindi. Wako wengi mashariki ya Texas, wana msimu wao, na hata wao wametengewa siku za vijana. Mtoto anatembea, anaongea, anakosa, anajaribu tena. Kulungu ni saa nyingi za kimya kwa nafasi moja. Kumwanzishia mtoto kulungu ni kumtahini kabla ya kumfundisha.

Siku yenyewe iwe fupi. Muda wa saa mbili tu asubuhi, na mwingine kama huo jioni, mchana acheze. Muda halali ni kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kuzama, lakini kwa anayeanza ule mwanga hafifu wa mwisho uachwe. Kibanda kiwe cha chini, cha turubai, chenye viti viwili. Vile vya juu vya ngazi ni vya baadaye: majeraha mengi ya wawindaji wa kulungu hutokana na kuanguka, si risasi. Ikibidi kupanda, bunduki iwe tupu na ivutwe kwa kamba baadaye. Beba biskuti zisizo na karatasi ya kelele, blanketi, na maji. Baridi ndiyo inayowatoa watoto porini kuliko kitu kingine. Kwenye maeneo ya umma mvae rangi ya chungwa inayong'aa, inchi za mraba 400 kwa uchache, 144 kati ya hizo kifuani na 144 mgongoni, pamoja na kofia. Kwenye ranchi binafsi sheria haidai hivyo. Vaeni tu.

Mlezi akae nyuma kidogo ya bega la mkono unaofyatua, ili mkono wake ufike kwenye kitufe cha usalama. Chemba, yaani tundu la ndani ya bunduki ambamo risasi hukaa tayari kufyatuliwa, ibaki tupu mpaka mnyama aonekane na wote wawili wakubaliane ni yupi. Mara nyingi kulungu hutoka wawili watatu, mtoto analenga mmoja na mlezi anamsemea mwingine, kwa hiyo mtoto ndiye aseme kwa kunong'ona: "wa kushoto, anayekula." Subirini ageuke ubavu. Shabaha ni nyuma tu ya mguu wa mbele, theluthi moja ya mwili kutoka chini. Akitazama mbele, akitembea, au akiwa amewapa mgongo, hapigwi. Nyuma yake kuwe na udongo, si anga. Na mtoto akisema "sitaki", kitufe cha usalama kirudi mahali pake, risasi itolewe, mtoe biskuti. Asiulizwe kwa nini. Akitaka atasema mwenyewe.

Akipiga, hakuna kukimbilia. Kaeni nusu saa. Mtoto atatetemeka, pengine atalia, na hilo ni la kawaida. Mlezi anayepiga kelele za ushindi na kutoa simu ya picha hapo anaharibu jambo. Kisha muanzie pale mnyama aliposimama, mkiweka kipande cha karatasi ya shashi kwenye kila tone. Damu nyekundu yenye mapovu ni ya mapafu, naye hayuko mbali. Nyeusi nyeusi ni ya ini, ongezeni saa mbili tatu. Ikiwa na ukijani na harufu ya choo, risasi imepita tumboni: rudini nyuma kimya, msubiri saa 6 au zaidi. Kumfuata mapema kunamwamsha, anakwenda mbali, na kwenye joto la Texas nyama inaoza kabla hamjamwona.

Sasa nyama. Wanazuoni wengi wa leo wanaihesabu risasi kuwa ni chombo kinachotoboa, kama mshale. Kwa hiyo anayefyatua aseme Bismillahi wakati wa kufyatua, na anayefyatua ni mwanao, si mlezi. Mkimkuta amekufa kwa jeraha hilo, ni halali. Mkimkuta ana uhai, achinjwe. Akianguka majini akafia humo, kuna shaka, mwacheni. Muulizeni sheikh wenu kuhusu umri na adabu zake, kisha mtoto azoee kutamka hayo kwenye mazoezi, asije akasahau kwa mshtuko.

Akishapatikana, tagi (kikaratasi cha alama) ya kwenye leseni ijazwe na kufungwa kwenye mnyama hapohapo, kabla ya kumburuta. Kichwa msikitupe porini, hutumika kama ushahidi wa jinsia ya mnyama. Utumbo utolewe mara moja: glavu, kisu kifupi, ngozi ya tumbo iinuliwe kwa vidole viwili na makali yaelekee juu, ili tumbo na kibofu visitobolewe. Mifuko ya barafu iingie kifuani, na nyama ishuke chini ya nyuzi 4 za Selsiasi. Kwenye deli la barafu fungueni tundu la maji ili nyama isiogelee. Kateni na kutupa nyama iliyozunguka jeraha, kwa sababu vipande vya risasi ya madini ya risasi husambaa mbali kuliko macho yanavyoona. Risasi za shaba zinapunguza tatizo hilo. Ulizeni kama kaunti hiyo iko kwenye eneo la ugonjwa wa kukonda wa kulungu, ulioonekana Texas mara ya kwanza 2012. Haujathibitika kumwambukiza mtu, lakini ushauri wa afya ni kutokula mnyama aliyepimwa na kukutwa nao.

Angalieni pia buchani. Wachakataji wengi wa kulungu wa Texas hutengeneza soseji kwa kuchanganya mafuta ya nguruwe, na mashine ya kusaga ni moja kwa wote. Mwambie mwenye duka unataka vipande vitupu, visivyosagwa, au mkatie nyumbani. Kwa kisu kikali na meza kubwa ni kazi ya jioni moja. Na kwa kuwa nguruwe pori wamejaa kwenye ranchi hizo, na hapo ukiwa na ruhusa ya mwenye shamba kuwawinda hakuhitaji leseni, mwenyeji wenu huenda akamwambia mwanao ajaribu kumpiga mmoja. Mwambieni msimamo wenu kwa simu, kabla hamjaondoka Fort Worth, ili mtoto asilazimike kumkatalia mtu mzima akiwa kibandani.